Njia za Magari Katika Msitu wa Mlima Elgon

Watu wengi wa Kitale na Bungoma huutazama Mlima Elgon kila asubuhi, lakini ni wachache waliopata kuupanda. Yafaa wajue kwamba gari livutalo kwa magurudumu yote manne laweza kumfikisha mtu mbali sana huko juu.

Njia ya kwanza hutoka Kitale, hupita Endebess, nayo huingia katika Hifadhi ya Taifa, iliyotengwa mwaka 1968, kwa lango la Chorlim. Humo mna miti mirefu ya podo na mierezi, kisha mianzi, na mwisho nyika ya baridi. Gari huishia hapo. Kilele cha Koitoboss, chenye urefu wa meta 4,222, hupandwa kwa miguu.

Njiani lipo pango la Kitum. Ndovu huingia humo usiku, wakachimba kuta kwa pembe zao ili kupata chumvi. Lakini msomaji na ajihadhari: mwaka 1980, na tena mwaka 1987, wageni waliolizuru walishikwa na homa ya Marburg, wakafa. Popo wa mapangoni huibeba homa hiyo. Kwa hiyo ni heri kulitazama pango kwa nje tu.

Njia ya pili iko upande wa Bungoma. Hutoka Kimilili, hupita Kapsakwony, ikapanda mpaka nyika ya Chepkitale, wakaapo Waogiek. Mwaka 2000 Serikali iliitangaza nchi hiyo kuwa hifadhi ya wanyama. Wenyeji walishtaki, na mwezi wa Septemba 2022 mahakama ya Bungoma iliwapa haki. Basi mgeni apitaye huko akumbuke kwamba anapita katika nchi ya watu, awaamkie na kuomba njia.

Wakati wa masika udongo wa mlima huteleza kama sabuni. Dereva mwenye busara hushuka kwanza, akapima tope kwa fimbo, ndipo apite kwa gia ndogo. Wala hakanyagi breki kwa ghafula mteremkoni. Achukue jembe, panga na kamba, na ikiwezekana yaende magari mawili.

Tena asikanyage majani nje ya njia. Maji ya mlima huu hutelemka katika mto Nzoia mpaka Ziwa Victoria, na katika mto Suam kuelekea Turkana. Msitu ukiharibika, atakayeona kiu kwanza ni mkulima wa chini, ambaye hajapata kupanda gari hilo.