Shahidi Si Hakimu

Mwaka juzi nilipewa karatasi ndogo iliyoninyima usingizi kwa majuma mawili. Juu yake palikuwa na neno ambalo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini bila kulitilia shaka: "Majibu".

Nilikuwa nimetoka nyumbani Ngara kwenda Biharamulo kumjulia hali shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Kwa muda nilikuwa nikiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na siku zile mkojo ulianza kuniunguza. Nikapita katika maabara moja ya mtu binafsi, nikatolewa damu, nikaambiwa nirudi jioni. Kijana wa dirishani akanikabidhi karatasi: PSA 8.6, na kando yake alama ya nyota.

"Mzee, majibu yako yametoka," akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi. "Una tezi dume."

Ndugu msomaji, kila mwanamume ana tezi dume. Ni kiungo kilichopo chini ya kibofu, nacho tumezaliwa nacho. Kumwambia mtu kwamba ana tezi dume kwa maana ya ugonjwa ni sawa na kumwambia kwamba ana ini. Siku nyingine ningemsahihisha kijana yule papo hapo. Siku ile sikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilisikia kile ambacho benchi zima lilisikia, yaani saratani.

Nilikuwa na sababu. Kaka yangu alianza kwa kulalamikia mgongo, nasi tukalilaumu jembe. Alipotajiwa kupimwa alicheka, kwa maana kijiweni kipimo cha kidole kilikuwa kimegeuzwa mzaha, na hakuna mzee aliyetaka kuwa kichekesho. Alipofikishwa Bugando, Mwanza, namba yake ilikuwa imepita mia tisa, na ugonjwa ulikwisha kuingia mifupani. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Basi ndani ya gari, tangu Lusahunga hadi Nyakahura, nilijizika mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikaanza kumwonyesha kijana wangu mipaka ya shamba la migomba. Mke wangu alinitazama siku tatu, ya nne akauliza, "Mwalimu, unaaga kwenda wapi?" Nikamwonyesha karatasi. Kesho yake alinipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. "Shikamoo, Mwalimu," akaanza, kisha akauliza jambo ambalo maabara haikuniuliza: je, siku ile nilipotolewa damu, mkojo uliniunguza? Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au gonjwa, na kiasi kidogo huvuja na kuingia katika damu. Saratani huongeza uvujaji huo. Lakini huongezwa pia na tezi kutanuka kwa uzee, na maambukizi ya njia ya mkojo, hata na mpira wa kutolea mkojo. "Damu yako imesema tezi inasumbuka," alisema. "Haijasema inasumbuliwa na nini."

Maneno yale yalinirudisha chuo cha ualimu, katika somo la upimaji. Tulifundishwa huko kwamba mtihani nao hutahiniwa. Kabla ya kuamini alama, uliza: mtihani huu huwaangusha wangapi wanaostahili kufaulu? Na huwafaulisha wangapi wanaostahili kuanguka? Nilikuwa nimewafundisha wengine maswali hayo, nikasahau kujiuliza mwenyewe.

Nikaomba takwimu, nikazisoma kama mtu asahihishaye daftari. Kwa desturi, mpaka umewekwa kwenye nanogramu 4 kwa mililita ya damu. Miongoni mwa wanaume wanne ambao namba zao zipo kati ya 4 na 10, takriban mmoja tu hukutwa na saratani akikatwa kinyama cha kuchunguzwa. Watatu wametishwa bure. Upande wa pili nao una kasoro. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza kwa njia hiyo wanaume 2,950 ambao namba zao hazikuvuka 4, na 449 kati yao walikutwa na saratani, ingawa nyingi hazikuwa za aina kali. Kwa hiyo nyota pembeni si hukumu, na kukosekana kwa nyota si cheti cha uzima.

Hata wenye kipimo wamebishana. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kuwafuatilia waliokwisha kugundulika, na mwaka 1994 ikakiruhusu kusaidia kuutafuta ugonjwa. Richard Ablin, mmoja wa watafiti wa awali wa protini hii mwaka 1970, aliandika mwaka 2010 kupinga kuwapima wanaume wote kiholela. Sababu yake ina uzito: saratani nyingi za tezi hii hukua polepole mno, na mtu anaweza kufa nazo bila kufa kwa ajili yake, ilhali matibabu yanaweza kumwachia mkojo usiozuilika na ndoa iliyopoa.

Je, tukitupe? Nikimkumbuka kaka, siwezi kusema hivyo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume kwa miaka 16 ulionyesha kwamba upimaji hupunguza vifo, ingawa ilibidi kuwaalika wanaume 570 ili kuepusha kifo kimoja. Na wanaume weusi, pamoja na wenye baba au ndugu aliyeugua, wamo katika hatari kubwa zaidi. Mimi ni wa makundi yote mawili. Namba ya kaka, pamoja na maumivu ya mifupa, ilisema kweli tupu. Yangu, pamoja na mkojo uliounguza, ilikuwa inanong'ona tu. Kipimo ni kilekile. Kilichotofautiana ni maelezo yaliyokizunguka.

Ndiyo maana nalilaumu neno "majibu". Jibu hufunga swali. Karatasi ile ilipaswa kuitwa "matokeo ya kipimo", na kijana yule alipaswa kusema "kiashiria kimepanda, muone daktari". Kiswahili kina dalili, kina kiashiria, kina ushahidi, kina hukumu. Tukiyachanganya, mtu mmoja ataaga kabla ya siku zake, na mwingine atacheka mpaka achelewe.

Nilimeza dawa za maambukizi, na baada ya wiki nane nikapimwa tena: 4.9. Daktari hakusema nimepona, wala hakusema naumwa. Alinipima kwa kidole, jambo la dakika moja lisilo na mzaha wowote, akanipangia kurudi kila baada ya miezi sita. Nimekwisha kurudi mara tatu, na kila mara hofu hunisindikiza hadi mlangoni. Wastaafu wenzangu wananiuliza kama waende. Nawajibu kwa ubeti huu:

Kipimo hiki shahidi, hakimu hajahukumu,
Rudi upime zaidi, uliza wenye elimu,
Namba haina ahadi, wala haimwagi damu,
Mwulizaji si kaidi, kunyamaza ndiyo sumu.