Kipandauso si uvivu wa mtoto

Jamani, hili nimekaa nalo wiki nzima, leo acha nilitoe. Wengi wetu tunaamini kuumwa kichwa ni mambo ya watu wazima: wenye madeni, wenye mabosi wakali, wenye mawazo. Mtoto akilalamika tunamcheka, eti na wewe una mawazo gani?

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa na anaugua kipandauso. Mwalimu mmoja alishamwita mwigizaji mbele ya darasa zima. Hoja yake: mbona saa nne anatapika, saa kumi yuko uwanjani anacheza mpira?

Swali hilo lina jibu. Kipandauso cha mtu mzima kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Cha mtoto kinaweza kwisha ndani ya saa 2. Akilala chumba chenye giza, mara nyingi huamka mzima kabisa.

Tena si kichwa peke yake. Mwilini tuna mishipa ya fahamu isiyosubiri amri yetu. Hiyo ndiyo inayoendesha mapigo ya moyo, jasho, tumbo, upana wa mishipa ya damu. Kipandauso kikianza, kazi hizo nazo huvurugika: mtoto anapauka, mikono inakuwa baridi, chakula kinakwama tumboni, anatapika. Wengine hutokwa machozi na pua kuziba, watu wakadhani ni mafua. Wapo ambao kichwa hakiumi kabisa, maumivu yanakuja kitovuni. Sasa niambieni, mtoto gani anaweza kuigiza kupauka?

Jina letu lenyewe nalo linatupoteza kidogo. Tukisikia kipandauso tunatafuta maumivu ya upande mmoja, wakati kwa watoto mara nyingi huuma pande zote mbili. Na si ugonjwa wa nadra. Mwaka 1962 daktari Bo Bille alichapisha utafiti wa watoto wa shule karibu 9,000 wa Uppsala, Sweden. Takriban wanne katika kila mia walikuwa nao.

Kwetu hapa mtoto akiumwa kichwa na kutapika, wazo la kwanza ni malaria. Sawa, apimwe, hilo halina mjadala. Na kama ana homa, shingo imekakamaa, amepata degedege au mkono umelegea, mkimbizeni hospitali. Ila kama vipimo ni safi kila mara, na katikati ya mashambulio yuko mzima, muulizeni daktari kuhusu kipandauso.

Kinachoniuma ni kwamba kijana wetu siku hizi hasemi. Anavumilia mpaka atapike, wakati dawa ya maumivu hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Dada na mimi tunakwenda shuleni Jumatatu. Tunaomba mambo matatu tu: maji, dawa yake kwa wakati, na mahali penye kivuli pa kulala saa moja.

Je, ninyi mliokua na hali hii, nani aliwaamini kwanza?