Premio Isiyokuja

Picha iliingia kwenye simu saa kumi na moja alfajiri. Mji wa Lowell, Marekani, ulikuwa bado giza, na theluji ya usiku kucha imelala juu ya magari kama magodoro. Nyumbani Kenya ilikuwa saa saba mchana, na kijana aliyeituma alikuwa kwenye yadi ya magari mjini Nyeri, mkono mmoja juu ya boneti ya Premio nyeupe ya mwaka 2019. Chini ya picha aliandika: "Mjomba, ninunue hii, ama ningoje shepu mpya?"

Mjomba huyo ni mzaliwa wa Skuta, Nyeri, na dereva wa lori katika jimbo la Massachusetts kwa miaka 13 sasa. Alikuwa amevaa buti na glavu, akikwangua barafu kwenye kioo cha Camry yake ya 2014. Aliacha kukwangua. Swali hilo amelisikia tangu 2021. Kila mwaka mpwa wake huwa na pesa zinazokaribia kutosha, na kila mwaka huahirisha kwa kungoja shepu mpya. Na kila mwezi dada mkubwa wa dereva huyu, yaani mama mzazi wa kijana, husimama kando ya barabara na magoti yake yanayouma, akingoja Probox ijae abiria ndipo impeleke kliniki Karatina.

Hakuna shepu mpya ya Premio. Toyota iliacha kuitengeneza Machi 2021, pamoja na pacha wake Allion. Shepu inayoonekana barabarani Nyeri leo ndiyo ile iliyotoka Japani mwaka 2007, ikaguswa uso 2010, ikaguswa tena 2016, basi. Kwa hiyo kijana wa Skuta amengoja karibu miaka mitano gari ambalo kiwanda kilishalifungia mlango, na wala si yeye peke yake. Ukikaa dakika kumi kwenye yadi yoyote kati ya Karatina na Nanyuki utamsikia mtu akisema ile ile: nangoja shepu mpya. Wazee walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa si tumbo linaloumia, ni magoti ya mama.

Huku Marekani neno kungoja lina maana yake, na inafaa watu wa nyumbani waelezwe ili wasiliazime bure. Huku gari hutoka kiwandani likiwa na mwaka wake wa muundo, nao hutangulia kalenda: gari linaloitwa la 2026 huanza kuuzwa 2025. Kila baada ya miaka mitano, sita au saba kampuni hubadilisha muundo mzima, na hutangaza mapema. Mei 2025 Toyota ilionyesha RAV4 ya kizazi cha sita, ambayo haitauzwa tena na injini ya petroli peke yake. Zote ni haibridi. RAV4 si gari dogo kwa hesabu, maana mwaka 2024 Wamarekani walinunua zaidi ya 470,000. Siku lilipotangazwa, kila aliyekuwa akiitaka alikuwa na uamuzi wa kweli mbele yake: achukue ya zamani iliyokuwa bado uwanjani kwa muuzaji na abembeleze bei, au akae hadi mwisho wa mwaka apate mpya.

Dereva wa Lowell alikuwa mmoja wao. Novemba alienda kuangalia. Kwenye kioo cha kila gari jipya palibandikwa karatasi ya bei ya kiwanda, kama inavyotakiwa na sheria ya Marekani tangu 1958, kwa hiyo mnunuzi anajua pa kuanzia kabla hajafungua mdomo. Bei zenyewe zilimvunja moyo. Septemba 2025 wastani wa bei ya gari jipya Marekani ulivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza. Ushuru wa asilimia 25 uliowekwa Aprili mwaka huo juu ya magari ya nje ulikuwa umewafanya wengi wakimbilie kununua kabla haujaanza. Alirudi nyumbani na Camry yake, yenye kutu chini kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, akaamua itamfikisha mwaka mwingine.

Hata huku wanaojua magari hawakimbilii mwaka wa kwanza wa muundo mpya. Pikapu ya Toyota Tundra ilibadilishwa kabisa kwa mwaka wa 2022, na kufikia Mei 2024 kampuni iliwaita wenyewe warudishe magari yapatayo 102,000, Tundra pamoja na Lexus LX, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki injini ikichongwa vingeweza kuizima ikiwa mwendoni. RAV4 haibridi ya 2019, nayo mwaka wa kwanza wa muundo wake, ilileta malalamiko ya tangi lisilojaa mafuta. Hizo ni hitilafu za kampuni inayosifiwa dunia nzima kwa magari yasiyoharibika. Muundo mpya una mambo ambayo kiwanda chenyewe hujifunza kupitia gari la mteja.

Basi huku mtu hungoja kiwanda. Nyeri mtu hungoja nini?

Hungoja sheria, hata kama hajui. Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa Kenya, na miaka hiyo huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Kila tarehe mosi Januari mstari husogea. Magari ya 2018 yalitakiwa yawe yamefika kabla mwaka 2025 haujaisha. Kuanzia Januari 2026 meli zinaleta ya 2019 na kuendelea. Kwa hiyo kinachoitwa shepu mpya Nyeri ni shepu ambayo mwenyewe kule Japani ameshaichoka. Na sababu ya kuichoka inajulikana. Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken: wa kwanza gari likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Mwaka wa tatu, wa tano, wa saba, mwenye gari hupiga hesabu ya ukaguzi na matengenezo, akaona afadhali aliuze. Linakwenda mnadani, na linalokwenda mnadani mwaka wa saba ndilo linaloonekana likipanda kutoka Sagana mwaka wa nane.

Massachusetts tarehe hutoka kiwandani. Skuta tarehe hutoka kwenye kalenda ya serikali. Kosa la mpwa, na la wengi nyumbani, ni kuchukua mazungumzo ya Mmarekani anayengoja kiwanda na kuyaweka mdomoni mwa mtu anayengoja meli ya Mombasa. Mmarekani akingoja, gari la zamani hupunguzwa bei palepale kwa muuzaji. Mtu wa Nyeri akingoja, hakuna anayempunguzia kitu. Mwaka ukisogea, gari lile lile la 2019 alilokuwa anaweza kuliagiza linatolewa kwenye orodha, na lililobaki ni changa zaidi, lenye thamani kubwa zaidi ya forodha, na kwa hiyo kodi kubwa zaidi.

Kodi ndiyo inayostahili kuhesabiwa polepole. Serikali huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kwa kadiri ya umri. Massachusetts nayo ina hesabu ya aina hiyo: kila mwaka mwenye gari hulipa dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani, na thamani hiyo ni asilimia 90 ya bei ya kiwanda mwaka wa kwanza, 60 wa pili, 40 wa tatu, 25 wa nne, kisha 10 tu daima. Kwa hiyo mwenye Camry ya 2014 hulipa kidogo sana. Kenya kodi hulipwa mara moja gari likiingia, na kwa uchungu. Kwa kila shilingi 100 za thamani ya forodha, ushuru wa kuingiza ni 35. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na 25 kwa ya cc 1800. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote, na ada mbili za asilimia 2.5 na 2. Ukijumlisha, Premio ya 1500 hubeba zaidi ya shilingi 92 za kodi juu ya kila 100. Ya 1800 hupita 100. Tofauti ya injini pekee ni karibu shilingi nane katika kila mia, na kijana alikuwa amesimama kwenye yadi akitazama taa za mbele.

Na taa hizo zinamdanganya kila mtu. Fielder yenye mwili wa sasa ilitoka Mei 2012; iliguswa uso 2015 na 2017, na iliendelea kutengenezwa mpaka 2025. Mwenye Fielder ya 2013 na mwenye ya 2019 wanaendesha gari moja lenye nyuso mbili. Demio na Vitz zilibadilishwa majina Japani, moja ikawa Mazda2 mwaka 2019 na nyingine Yaris 2020. Corolla Touring ya Septemba 2019 sasa ndiyo inaanza kufikika kwa mtu wa kipato cha kawaida. Nissan Note ya Desemba 2020 inakuja, nayo haina toleo la petroli tupu hata moja. Ni e-Power zote, yaani haibridi za Nissan. Huyo ndiye mgeni wa kweli atakayeingia Mlima Kenya miaka miwili ijayo, na swali la kuuliza juu yake si la sura. Ni la nani Nyeri ataifungua betri ile.

Wazee wa Skuta hawakuwa na ugonjwa huu wa kungoja shepu. Peugeot 504 ilitoka 1968, ikaunganishwa Kenya hadi 2004, na muda huo wote sura yake ilibaki ile ile. Dereva Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Nyeri haikuhitaji kuambiwa, kwa sababu ilikuwa ikiona 504 za abiria zikipanda kutoka Nairobi na pikapu zake zikishuka na kabichi. Hakuna mzee aliyeuliza shepu. Aliuliza kama spea zipo na kama fundi wa pale chini anaijua. Maswali hayo mawili yalitosha, na yanatosha hadi leo.

Haya basi, mjomba aliyaandika yote kwenye ujumbe mmoja mrefu, akiwa ndani ya lori kabla ya kuondoka, na yanafaa kusomwa na wengine. Kwanza uende kwa fundi kabla ya kwenda yadi, umuulize ni magari gani anayafungua kila wiki. Hayo ndiyo ya kununua. Uliza bei ya shokabi, bushi na taa ya mbele kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, kabla hujapenda gari. Omba karatasi ya mnada ya Japani na uisome: alama 4 au 4.5 ni gari zuri, R ni lililogongwa likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale ndizo za kulinganisha na za dashibodi, maana kuna wanaozirudisha nyuma. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama lina kasoro iliyoitiwa marekebisho isiyofanywa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilifanya mamilioni ya magari duniani yaitwe yarekebishwe, na mengine yalipakiwa melini bila kuguswa. Gia ya Premio ni ya CVT. Mafuta yake si yale ya gia za kawaida, na fundi akimimina yoyote aliyonayo, gia imekwisha. Kama ni haibridi, betri ipimwe kwa mashine mbele yako. Usiogope gari la 2018 au la 2016 ambalo tayari lina namba za Kenya, kwa sababu sheria ya miaka minane huzuia kuingiza tu. Usishawishiwe Desemba na muuzaji anayesema mlango unafungwa. Mlango hufungwa kila Desemba. Na usiweke shamba wala logibuku ya mtu mwingine rehani ili upande daraja moja la namba za gari. Kama gari ni la kazi, hesabu mapato yaliyopotea kila mwezi uliokaa ukingoja, uyaandike chini, uyatazame.

Mwisho wa ujumbe alibadilisha sauti. "Mpwa wangu, mama yako hawezi kupanda shepu. Anapanda gari."

Kijana hakujibu siku mbili, na mjomba alihofia kwamba ameumia. Jumamosi simu ililia saa saba usiku wa Lowell. Nyeri ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu bado juu ya King'ong'o, na kamera ilimwonyesha fundi mwenye ovaroli ya kijani akiwa ameweka kiganja juu ya boneti ya ile Premio. Fundi alitikisa kichwa. Boneti ilikuwa moto. Mwenye yadi alikuwa ameliwasha gari mapema, na injini yenye joto huficha mengi ambayo yenye baridi husema. "Hatuwashi sasa," fundi alisema. "Tunangoja ipoe."

Walikaa kwenye tairi kuukuu, wakanunua chai. Mama wa kijana alikuwa nao, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani, na akamuuliza kaka yake huko wanakula nini kwenye baridi ile. Baada ya muda fundi alisimama, akagusa boneti tena, akamwambia kijana awashe. Kule Lowell mjomba alizima hita ya chumba ili asikie vizuri, akaweka simu sikioni.