Wanaoruhusiwa Kusikiliza

Mazungumzo ya kambi ya jeshi yanachosha. Nimeyasikia jioni nyingi, karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ni upepo, mafuta na zamu ya kutua. Rubani anataja yuko futi ngapi. Mnara unamwambia ashuke. Rubani anarudia alichoambiwa, isije ikawa amesikia lingine, halafu kimya. Ukiwa umekuja kutafuta siri za vita, utasinzia kabla ya saa tatu.

Haya niliyajulia Suffolk, mashariki ya Uingereza, nilikokuja mwaka 2022 kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. Mmoja wa wazee wangu aliishi katikati ya kambi mbili, Mildenhall na Lakenheath. Langoni zimeandikwa RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, lakini wakaaji ni Wamarekani. Mildenhall ina KC-135, ndege kubwa zinazowajazia wenzao mafuta angani. Lakenheath ina za kupigana: F-15E, na tangu Desemba 2021, F-35. Zikiruka, vikombe vinagongana kabatini.

Kazini tuliambiwa tuwaite wateja kwa jina lao la kwanza. Mimi mzaliwa wa Lamu, ulimi ulikataa. Mtu wa miaka 84 nimwite kama tuliyecheza naye kibe? Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalipenda, hata akawa anajiita hivyo kwenye simu.

Mzee aliwahi kuwa dereva wa lori la viazi vya sukari. Sasa miguu ilikuwa imekataa, na dunia yake ilikuwa dirisha moja na skana. Skana ni redio ndogo ya kushika mkononi. Inaruka kutoka masafa hadi masafa, makumi kwa sekunde, mpaka ikute mtu anaongea. Hapo inasimama. Mtu akinyamaza, inaendelea na safari yake. Mzee alinifundisha kwamba ndege za abiria huongea kati ya megahezi 118 na 137, na za kijeshi hupenda 225 hadi 400. Mawimbi hayo huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hayapindi kufuata mgongo wa dunia. Ndiyo maana rubani aliye juu unampata hata akiwa kilomita mia mbili, lakini mnara uliojificha nyuma ya kilima usiupate. Mara nyingi unasikia jibu bila swali.

Ndege za mafuta za Mildenhall zinajiita Quid, neno la mtaani la Waingereza kwa pauni moja. Mzee kila akilisikia alicheka. Nikamwambia ni kama wanajeshi wa Uingereza walioko Nanyuki waite ndege zao Bob. Ikabidi nimweleze bob ni nini kwetu, akacheka tena.

Yenyewe ya siri hayasikiki. Husimbwa, na skana ikiyagusa inatoa mvumo tu, kama mafuta ya mahamri yanapochemka. Yanayoachwa wazi ni ya kuzuia ndege zisigongane. Lakini hata hayo yana uzito wake. Tarehe 15 Juni 2020, F-15C moja ya Lakenheath ilianguka Bahari ya Kaskazini, rubani akafa. Kwenye daftari la Mzee, ukurasa wa siku hiyo una saa na majina ya redioni, kisha mstari mmoja: wote hawajarudi. Hakuongeza kitu. Ukurasa unaofuata ni wa wiki mbili baadaye.

Alikuwa na redio nyingine pia, ya masafa mafupi, ya kusikiliza mtandao wa jeshi la anga la Marekani kwenye kilohezi 8992 na 11175. Huko hakuna habari za kutua. Mtu anasoma herufi na tarakimu moja moja, Alpha, Bravo, Seven, anarudia, anaaga. Wanaoelewa ni wale waliotumiwa. Mawimbi hayo hurudishwa na anga ya juu na kuvuka bahari, kwa hiyo hufika hata Afrika. Lakini redio ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuyafungua, inatoa sauti kama ya bata. Hapo nilishtuka. Babu yangu, akizungusha kitufe kutafuta BBC Idhaa ya Kiswahili, alikuwa akipita kwenye bata hao kila jioni. Tukisema ni mashetani ya redio.

Nisiseme uongo, sikuwa nakaa dirishani pale kwa ajili ya Mzee peke yake. Mimi nimekulia karibu na kambi. Manda Bay iko bara, ng'ambo ya maji kutoka kisiwani kwetu, kambi ya jeshi la Kenya ambayo Wamarekani nao wanaitumia. Julai 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, na mvuvi wa usiku akawa mtu wa kushukiwa. Ndege zenyewe hazikuwa na kafyu. Zilipita juu yetu tukiwa tumelala, na hatukujua zinakwenda wapi wala zimetoka kufanya nini. Tarehe 5 Januari 2020 nilikuwa Hindi, kwa shangazi. Alfajiri tulisikia milio, kisha moshi. Al-Shabaab walikuwa wameingia Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Sisi tuliokuwa karibu zaidi tulipata habari kwa simu kutoka Nairobi. Shangazi aliuliza, "Sasa tukimbie au tukae?" Hakukuwa na wa kumjibu.

Kwa hiyo nilipomsikia rubani wa Lakenheath akiomba ruhusa ya kutua, sauti changa, imechoka, pengine ana miaka ishirini na sita, nilihisi kitu ambacho Mzee hakuweza kukihisi. Ile ngurumo ya utotoni mwangu ilikuwa na mtu ndani yake. Miaka yote alikuwa anaongea, na alikuwa anajibiwa.

Pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza walihamisha ofisi yao ya kunasa redio za jeshi la maji la Japani, wakaileta Mombasa, kwenye shule ya Allidina Visram. Humo walifumbua JN-40, msimbo wa meli za mizigo za Japani. Nimepita nje ya shule ile mara ngapi, nikienda zangu Makadara! Sikio lilikuwa kwetu, ila halikuwa letu.

Kuna sheria, na Mzee alinisomea mwenyewe. Sheria ya mawasiliano ya redio ya 2006, kifungu cha 48: kuwa na skana si kosa, lakini kusikiliza kwa kusudi ujumbe usiokuhusu ni kosa. Hata hivyo, nenda kwenye uzio wa Lakenheath siku ya jua. Utakuta wastaafu wamejipanga na ngazi, kamera, chupa za chai na skana zinazolia waziwazi.

Nilimpeleka Mzee huko mara moja, nikisukuma kiti chake. Nilikuwa nimevaa hijabu yangu ya kijani, skana mkononi kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Bwana mmoja aliniangalia, akatabasamu vizuri tu, akauliza, "Na wewe unasikiliza nini?"

Mzee akajibu kabla yangu: "Yuko na mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kibali changu. Kifungu cha 48 kilikuwa kilekile kwetu sote pale uzioni, lakini ni mimi tu niliyehitaji mdhamini.

Mzee alifariki mwaka jana, Februari. Binti yake aliniletea skana ndani ya soksi ya sufu, akasema baba aliagiza. Nikamshukuru, nikaiweka mezani, sikuiwasha. Usiku nikampigia mama.

"Ilete nyumbani," akasema. "Angalau tujue yanapopita."

"Mama, mtu akikutwa na kitu hiki Lamu, nani atamwamini?"

Akanyamaza kidogo. "Wao watusikia sisi?"

"Nadhani ndiyo."

"Na sisi twasikia kelele tu."

Sikuwa na jibu. Viza yangu imeshikwa na mwajiri, na mwajiri hataki maswali. Wiki iliyofuata nilikwenda uzioni peke yangu, nikampa skana bwana yule aliyeniuliza. Alifurahi mno, alimjua Mzee. Daftari nilibaki nalo.

Nilipomwambia mama nimeigawa, hakulaumu. Alisema tu, "Haya. Lakini ukiwaona, waambie wakipita juu ya Hindi wapunguze. Kuku wa shangazi yako hawatagi."