Kwa Miguu Hadi Alipo Kifaru

Asafiriye kutoka Kampala kuelekea Gulu, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 170, hufika Nakitoma, Wilaya ya Nakasongola. Karibu na hapo ipo hifadhi ya vifaru ya Ziwa, yenye eneo la kilomita za mraba 70 lililozungushiwa ua wa umeme. Jina lisimdanganye mgeni: nchi yenyewe ni ya nyasi na vichaka, na maji yake ni ya kinamasi.

Hapa kifaru hufuatwa kwa miguu. Kiongozi huwapanga wageni mstari mmoja, kisha huuangalia upepo, maana mnyama huyu haoni mbali, lakini pua na masikio yake ni hodari. Jua likiwa kali humkuta amelala kivulini, ndama ubavuni, masikio yakigeuka huku na huku. Wageni husimama mita kadhaa kutoka alipo, karibu na mti, kwani mti ndio ngome yao. Askari aliyezoea kulisikia jina la kifaru likitajwa kwa chombo cha vita hupata hapo kumwona mwenye jina: tani mbili za mwili, naye hula majani tu.

Kando yupo mlinzi mwenye sare. Vifaru wa Ziwa hulindwa usiku na mchana, kwa zamu, na mienendo yao huandikwa.

Sababu ipo. Uganda ilikuwa na vifaru weusi na weupe wa kaskazini. Kufikia mwaka 1983 wote walikuwa wamekwisha. Waliangamizwa na vita na magendo ya pembe, na baadhi ya bunduki zilizowaua zilishikwa na watu wenye sare. Hakuna haja ya kuwaficha askari jambo hilo.

Mwaka 2005 waliletwa vifaru weupe wa kusini wanne kutoka shamba la Solio, Kenya. Wawili wakafuata kutoka Marekani mwaka 2006. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, mama akiwa wa Marekani na baba wa Kenya, akaitwa Obama. Mimba ya kifaru huchukua miezi kama 16, na ndama ni mmoja tu. Hasara ya risasi moja hulipwa kwa miaka.

Wageni hurudi kambini kunywa chai. Mlinzi hubaki kichakani, akimngojea wa zamu ya usiku.