Doa la Embe na Dhana Mbaya



Uani mwetu upo mwembe wa ngowe alioupanda marehemu baba. Msimu uliopita nilikuta maembe kadhaa yana vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, na utomvu umeganda juu yake. Jana yake nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani, mwanafunzi wangu, amesimama chini ya mti na kijiti mkononi. Sikuuliza. Nilimkemea chuoni mbele ya wenziwe. Hakujibu neno, na kwa siku tatu hakuonekana.

Siku ya nne mke wangu alipasua embe mojawapo. Ndani mlijaa mabuu weupe wakijipinda. “Mwalimu,” akaniuliza, “hawa nao wametiwa kwa kijiti?”

Nikamwendea mzee mmoja mkulima, akanifunza kuyasoma madoa. Kitundu chembamba kilichozungukwa na sehemu laini ni kazi ya nzi wa matunda, ambaye hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Nzi mmoja wa jamii hiyo, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa hapa Kenya mwaka 2003, na ameenea sana. Dawa yake ya kwanza ni kuokota kila siku maembe yaliyoanguka na kuyafukia katika shimo lenye kina kinachozidi dhiraa moja, ili mabuu wasipate kuwa nzi.

Madoa meusi yaliyobonyea, au michirizi kama ya machozi kutoka kikonyoni kwenda chini, ni ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na matone ya mvua. Huo hupunguzwa kwa kukata matawi makavu na kuufungua mti upate hewa na jua. Ama alama za kahawia zinazotokea baada ya kuchuma, hizo ni ganda lililochomwa na utomvu. Likate embe na kikonyo chake, kisha uligeuze utomvu udondoke mbali na ganda.

Madoa matatu, visababishi vitatu, wala hakuna hata kimoja kilichokuwa mtoto yule. Alikuwa akiutafuta mpira wake tu.

Aya ya Suratul Hujurat inayotuonya juu ya dhana nimeisomesha kwa miaka mingi. Siku ile haikunijia. Nilikwenda kwao nikawataka radhi wazazi wake. Lakini kosa langu lilikuwa la hadharani, hivyo aliporejea chuoni nilimwomba msamaha mbele ya wenziwe wale wale. Alinipa mkono, akainamisha kichwa.

Mwembe umechanua tena, na kila asubuhi naokota yaliyoanguka. Yeye husoma vizuri kama zamani, ila zamani alikaa mbele yangu, na sasa hukaa safu ya nyuma. Embe lenye doa hufukiwa likasahauliwa. Doa nililomtia mtoto wa watu sijui litafutika lini, nami bado nalisubiri.

Wabillahi tawfiq.