Masika Yalipobisha Hodi Ziwani Baringo

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na maji yenye ahadi. Bahari hujaa na kupwa, na hata bamvua likipanda hadi mashinani mwa minazi, twajua kwamba baada ya saa chache litarudi kwake. Mwishoni mwa Machi tulikwenda kuyaona maji ya namna nyingine, maji ya Ziwa Baringo, ambayo yakishajaa hayana siku ya kupwa.

Safari yetu ilikuwa ya kuunga udugu. Mdogo wetu ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kampi ya Samaki, na kwa muda mrefu alikuwa akituomba tumtembelee. Tulipanda gari la moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, tukalala huko, na asubuhi tukashika njia ya Nakuru. Kutoka Nakuru nchi huteremka na joto huzidi. Karibu na Mogotio tulivuka ikweta, na tulipofika Marigat, penye mashamba yanywayo maji ya mto Perkerra, jasho lilikwisha kutukumbusha nyumbani.

Ziwa lilitutokea likiwa pana, rangi yake kama chai ya maziwa, kwa sababu ya udongo unaoletwa na mito kutoka nyanda za juu. Mbali ndani ya maji ilisimama migunga iliyokufa, mikavu na myeupe, na juu ya matawi yake minandi walikuwa wakianika mabawa. Tulidhani ni kisiwa kilichozama. Mdogo wetu akatwambia kwamba pale palikuwa mtaa.

Mwenye nyumba anayokaa ni bibi wa jamii ya Ilchamus, naye humwita Mama. Basi nasi tukamwita vivyo hivyo. Alitukaribisha kwa maziwa, na kulipopambazuka akatutembeza kutuonyesha dalili za masika. Migunga iliyo hai ilikuwa imechanua kabla ya tone la kwanza kuanguka, na nyuki walivuma humo tangu alfajiri. Minana walibeba nyuzi za majani wakisuka viota. Mawingu yalilala juu ya Milima ya Tugen, upande wa magharibi, na mbuzi walikuwa wakiinua pua kuelekea huko.

"Zamani," alisema Mama, "tukiona haya tulicheka tu. Majani yatakuja, mbuzi watatoa maziwa, mizinga itajaa asali. Siku hizi nacheka kwa upande mmoja wa uso."

Tulimwelewa usiku wa pili. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, nasi tuliozoea mifereji mikavu tulifurahi, tukachekeana gizani kama watoto. Kisha tukaona mwanga wa tochi nje. Mama alikuwa amejitanda shuka, ameinama kando ya maji, anahesabu mawe. Alikuwa amepanga mawe saba kutoka ukingoni hadi mlangoni pake, kila jiwe kwa hatua kumi. Maji yakifika jiwe la tatu kutoka mlangoni, hufunga mizigo. Amekwisha kuifunga mara mbili na kuhama.

Tuliona haya. Tangu utotoni tumefundishwa dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua iwe yenye manufaa, na mara nyingi huisoma kwa ulimi tu, kana kwamba mvua haiwezi kuwa vinginevyo. Usiku ule tuliirudia polepole, neno kwa neno.

Maji haya yalianza kupanda mwanzoni mwa mwongo uliopita. Mwaka 2010 ziwa lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 130. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepita 260. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa, kama Nakuru, Naivasha na Bogoria, nayo yalifurika. Wataalamu hutaja wingi wa mvua katika nyanda za juu, pamoja na ukataji wa misitu unaoacha udongo uchukuliwe na mito hadi ziwani. Nyumba, shule, zahanati na hoteli zilimezwa. Viboko na mamba wamesogea pamoja na maji, na kina mama huenda kuteka kwa makundi, mmoja akichota na wengine wakitazama. Wako pia wanaohofia siku Bogoria, lenye maji ya magadi, litakapokutana na Baringo, ambalo maji yake ni baridi na samaki wake ndio riziki ya watu.

Asubuhi baada ya mvua kumbikumbi walitoka ardhini, watoto wakawakimbilia na mabakuli. Mama alichukua jembe na mbegu za mahindi, akateremka kwenye kishamba chake kilicho kati ya jiwe la nne na la tano. Mwanawe anayefanya kazi Marigat alikuwa amekuja kumsihi ahamie mlimani kabla masika hayajakolea. Hakumjibu mpaka alipomaliza mstari wa kwanza. Kisha akanyoosha mkono ziwani.

"Mgunga ule wa tatu, hapo ndipo lilipokuwa jiko langu. Nyuma yake tulimzika baba yako. Nikipanda mlimani sitauona."

Kijana alinyamaza, akavua viatu, akachukua jembe la pili. Nasi tukashika mbegu.

Tulirudi Mombasa siku ya nne. Wiki tatu baadaye mdogo wetu alituletea habari kwa simu. Maji yamefunika mawe matatu. Mahindi yamefika magotini. Mama amekubali kulala kwa mwanawe huko juu, lakini kila asubuhi hushuka kupalilia, na kabla hajagusa jembe huutazama kwanza mgunga wake.

Wasomaji wetu, masika yatakapogonga mabati yenu msimu huu, nanyi mkiwakusanya watoto kuwafundisha ile dua, mtajeni humo Mama huyu na majirani zake wa ziwani.